Siku Kobe Alipogoma Kwenda Hospitali

Chumba cha mbele,
Nyumbani,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo huko uliko? Kifua chako kinaendeleaje, kile kilichokusumbua wakati wa baridi? Natumaini unavaa sweta nililokufumia na hujaligeuza tambara la kufutia viatu. Mkeo hajambo? Na huyo binti yenu, meno ya mbele yameota au bado anacheka ufizi mtupu kama kikongwe? Mbusu mashavu yote mawili, umwambie ni shangazi yake.

Sisi huku ni wazima. Mama anakula vizuri, analala vizuri na kugombana vizuri zaidi. Shemeji yako kinyozi anazidi kunenepa, ukimwambia anasema ni shati limerudi likifuliwa. Mimi mgongo unanisumbua nikipanda ngazi kupaka dari, nikishuka unaacha. Kwa hiyo nimeamua ugonjwa ni wa ngazi, si wangu.

Najua unachotaka kusikia. Tangu wawahamishie huko milimani simu yako inaita mara moja na kukata roho, ndiyo maana nimekaa chini nikuandikie kama watu wa zamani. Nitakueleza kwa mpangilio wake. Tafadhali usirukie ukurasa wa mwisho. Nakujua, hata vitabu ulikuwa unavianzia mkiani.

Unakumbuka ulipoondoka Mama alikuwa akiuliza kama ni wewe umesimama au ni mlango. Tangu hapo mtoto wa jicho alizidi kukua, macho yote mawili, hadi akawa anaona mwanga na vivuli tu. Daktari wa macho huja hospitali yetu kwa nadra, anafanya kazi siku zake chache na kuondoka. Ukikosa zamu yako unangoja mpaka Mungu atakapomleta tena. Safari zote zilizopita Mama alikataa kwenda. Mara mafua, mara kuku wanaatamia, mara daktari mwenyewe ni mtoto mdogo. Safari hii akakubali, ila kwa sharti moja tu: apelekwe na Kobe, lile gari kuukuu la Baba.

Shemeji yako alicheka, mimi sikucheka. Sisi sote tulitolewa hospitali tukiwa tumefungwa kwenye shuka, tukaletwa nyumbani ndani ya gari lile. Ulipovunjika mkono ulipelekwa na Kobe ukarudi na Kobe, umepigwa plasta na unalamba peremende. Siku Baba alipozidiwa, Kobe alikuwa gereji hana magurudumu, Baba akapelekwa na gari la jirani. Hakurudi. Mama hajawahi kulipigia kelele jambo hili, lakini nilipomuuliza sababu ya sharti lake alinijibu kwa upole, "Aliyekwenda hospitali na Kobe alirudi." 

Sasa hapo ndipo wewe na mimi tulipojifanya wajanja. Simu yako ilipokuwa bado inashika, ni wewe uliyesema tumpake Kobe rangi mpya, ili macho ya Mama yakifunguliwa yaanze na kitu kinachoonekana. Na ni wewe uliyechagua manjano ya kiini cha yai. Nilikwambia Baba alimpenda Kobe na buluu yake, ukasema buluu imechujuka mpaka imekuwa kijivu, mtu atoke gizani aingie kwenye kijivu? Nikakubali. Nadhani ulinishinda kwa sababu nilikuwa natafuta kisingizio cha kushika brashi.

Unaujua ukoo wetu. Kitu kikitulia sana kwetu kinapakwa rangi. Baba alipaka mawe ya bustani, akapaka na bakuli la kunyweshea kuku. Mimi mwanawe nikasema nitafanya kazi ya heshima, si ya hao wanaopaka uso wakasahau shingo. Nilifungua boneti. Nikafungua kila kilichofunguka, nikapiga msasa, nikapaka mpaka huko ndani ambako hapaoni mtu isipokuwa Mungu na mafundi. Tabaka juu ya tabaka, na vanishi juu yake. Kisha nikarudisha kila nati mahali pake, nikakaza. Mama aliponusa harufu nikamwambia napaka geti. Akasema, "Vizuri, lilikuwa linahitaji." Nikajiona hodari kweli.

Siku moja kabla ya zamu yake, baada ya chakula cha mchana, nikasema tuwashe gari tulipashe moto. Lilikuwa halijawashwa tangu nianze kulipaka. Mama alikwisha panga nguo zake kwenye kikapu, akakiweka mlangoni, na amejipaka mafuta mpaka viwiko. Shemeji yako akaingia, akakaa kwenye usukani kwa mikogo, akazungusha ufunguo.

Tk.

Basi, hiyo tu. Injini haikuzunguka hata nusu. Akarudia, tk nyingine, dhaifu kuliko ya kwanza. 

Shemeji yako akatangaza kwamba ni betri. Kinyozi, mdogo wangu, ni mtu hatari kwenye gari bovu, kwa sababu kila mwenye kichwa cha kunyolewa amemwachia dawa moja. Tukasafisha vichwa vya betri kwa maji ya moto na brashi kuukuu ya meno, ule unga mweupe ukatoka wote. Tk. Tukawasha taa, zikawaka kali kama za uwanja wa mpira. Tukapiga honi, kuku wa jirani wakaruka ukuta. Betri ilikuwa nzima kuliko sisi. Wakati huo wateja wawili walikwisha mfuata kutoka kibandani, mmoja amenyolewa upande mmoja, kila mtu na ushauri wake. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno, lakini nadhani aliyesema hakuwa na gari.

Wakasema tulisukume. Mama alikuwa kibarazani anasikia kila kitu. Akasema gari la kusukumwa haliingii yeye. Wakimsukuma Kobe kwenda, kule hospitali atasukuma nani, wauguzi?  Halafu unaijua njia yetu ilivyopanda kutoka getini, hata toroli tupu hulia.

Nikamwita Fundi Taratibu, yule wa siku zote za Baba. Amezeeka, lakini mwendo wake ni ule ule, kwa hiyo huwezi kusema amepunguza. Alimzunguka Kobe kwanza. Akatazama manjano yale, akanitazama mimi, akataka kusema kitu, nikamkonyeza nikimwonyesha Mama kwa kidevu. Akafunga mdomo. Mtu mwenye adabu.

Akaanza na stata, ile mashine inayoizungusha injini gari linapowashwa. Akaigonga kwa mpini wa spana kama mtu anayebisha hodi. Kimya. Akaifungua yote, akaiweka juu ya benchi la Baba kule uani, akaiunganisha moja kwa moja na betri. Kitinda, stata ilizunguka kwa hasira, ikaruka, ikataka kudondoka benchini! Sote tukapiga kelele za furaha. Akairudisha ndani ya gari, akafunga, akazungusha ufunguo. Tk. Mezani inacheza ngoma, garini inanuna. Fundi alikaa juu ya ndoo akashika tama. Nikamuuliza vipi, akasema, "Binti, mimi na wewe sasa tuko sawa. Wote hatujui."

Hapo ndipo Mama alipoinuka. Alipapasa mpaka mlangoni, akakichukua kikapu chake, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzirudisha juu ya kiti. Hakulia wala hakununa. Alisema tu, "Kobe hataki. Na mimi siendi na gari la mtu." Nikamwambia Mama, ni chuma tu hiki, chuma hakina kutaka wala kutotaka. Akaniambia niache, yeye amezoea giza, halimuumizi mahali. Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Nakueleza kama lilivyokuwa. Niliona daktari ataondoka, Mama atabaki vile vile, na huyo binti yako atakua mpaka aolewe bibi yake hajamwona uso.

Niliporudi uani nimeshanawa, Fundi alikuwa anakusanya spana zake. Mama naye alikuwa ametoka na fimbo yake kuja kumwambia asante na pole. Akasimama ubavuni mwa Kobe, akauliza, "Muda wote huo mlipokuwa mnawasha, nani alikuwa anavuta choki?"

Hakuna aliyekuwa anavuta. Akasema, "Basi ndiyo maana."

Huenda umesahau, ulikuwa mdogo. Choki ni kile kifundo katikati ya dashibodi, kinavutwa asubuhi gari likiwa baridi ili injini ishike. Baba hakukivuta hata siku moja. Ilikuwa kazi ya Mama. Baba anashika ufunguo, anasema, "Vuta, mama watoto," na Mama anavuta. Miaka yote ya ndoa yao ndivyo gari lilivyowashwa. Siku walizogombana tulikwenda shule kwa miguu.

Sasa choki haihusiani kabisa na stata, hata mimi nalijua hilo, na Fundi analijua kuliko mimi. Lakini hakumbishia. Aliweka spana chini, akamfungulia mlango wa kushoto, akamshika mkono mpaka akakaa. Yeye mwenyewe akaingia kwenye usukani, akasema, "Haya, vuta, Mama." Mama akavuta. Tk. "Tena." Tk. Akarudia na kurudia, nadhani kwa huruma tu, maana kumwambia basi kulimshinda. Mama mkono wake hautoki kwenye kile kifundo.

Mara Mama akasema, "Fundi, kitu hiki kinaniunguza."

Fundi akadhani amechoka. Mama akarudia, safari hii kwa ile sauti yake ya kutuamsha shule, kwamba kifundo kilikuwa baridi alipokaa, kikawa vuguvugu, na sasa ni moto, na kama hamwamini aweke mkono wake. Fundi akaweka mkono, akauondoa upesi.  Halafu akaanza kucheka polepole, maana hata kicheko chake kina mwendo ule ule.

Akatueleza. Umeme ukitoka kwenye betri kwenda kwa stata lazima upate njia ya kurudi. Kuna waya mnene, bapa kama mkanda, unaounganisha injini na bodi ya gari, mafundi wanauita ethi. Umeme hurudi kwa njia hiyo. Njia hiyo ikizibwa, umeme hutafuta upenyo mwingine, kama mgeni aliyefungiwa mlango akapita dirishani. Dirisha lenyewe lilikuwa ni ule waya mwembamba wa choki, unaotoka kwenye injini mpaka mkononi mwa Mama. Mwembamba mno, haupitishi nguvu za kuzungusha stata. Unachoweza ni kupata moto tu. Na kule mezani stata ilizunguka kwa sababu ilikuwa imeshikana na betri yenyewe, haikuhitaji njia ya bodi.

Wakati anaeleza nilikwisha anza kutokwa jasho, kwa sababu mkanda ule niliukumbuka. Niliufungua kwa mkono wangu. Nikapaka chini yake, nikapaka juu yake, nikapaka na nati. Tabaka juu ya tabaka, na vanishi. Rangi haipitishi umeme, Kitinda. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi changu kilikuwa kwenye brashi yangu.

Fundi akainama ndani ya boneti, akapiga kelele bila kufikiri, "Nani huyu kapaka rangi mpaka kwenye ethi?"

 Shemeji yako akatazama mawingu. Mama, palepale kwenye kiti chake, akasema bila kugeuka, "Kumbe siku hizi geti letu liko ndani ya injini."

 Akaendelea, "Mimi nimekuwa mke wa mpaka rangi tangu wewe hujazaliwa. Rangi ya geti nisiijue harufu yake? Kwaruza, fundi, tuondoke kesho."

Fundi akakwaruza mpaka chuma kikang'aa. Kipande kidogo tu, na kila alipokwaruza niliona kama ananikwaruza mimi, maana kazi ilikuwa nzuri hiyo! Akafunga mkanda, akakaza nati, akarudi kwenye usukani. Safari hii hakusema "Vuta, Mama." Alisahau heshima au aliikumbuka zaidi, sijui, akasema kama Baba, "Vuta, mama watoto."

Mama akavuta, na Kobe akaunguruma.

Sitakueleza kelele zilizopigwa. Yule wa kunyolewa upande mmoja alimkumbatia shemeji yako.  Mama alikuwa ameshika kile kifundo kwa mikono miwili, anasikiliza injini, na machozi yanamtoka kwenye macho yale yasiyoona. Baadaye akaniambia nirudishe nguo kikapuni, na safari hii nizikunje vizuri.

Kesho yake tulikwenda. Kobe alipanda njia yetu bila kukohoa. Daktari alikuwa kijana kweli, lakini ana mikono iliyotulia, na Mama alimwambia hivyo. Walilitengeneza jicho la kulia kwanza, la kushoto litafuata daktari akirudi. Alipotoka amefungwa bandeji nilimwingiza garini nikiwa natetemeka. Akaniuliza natetemekea nini wakati mshika choki yupo. Akavuta, nikazungusha ufunguo, tukaja nyumbani.

Bandeji ilitolewa siku iliyofuata, na muuguzi aliyekuja hapa hapa nyumbani. Mama alikaa kwanza, anapepesa. Mtu wa kwanza kumwona nilikuwa mimi. Akanitazama, akanitazama, akasema, "Kumbe umezeeka, mwanangu." Nikacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akataka picha ya binti yako, ile uliyotuma, nikampa.  Alikaa nayo mpaka chai ikapoa, na ukiitafuta sasa iko chini ya mto wake.

Halafu akatoka nje kumwona Kobe. Alisimama mlangoni muda mrefu, mkono juu ya kipaji cha uso.  Akauliza, "Hili ni gari au ni yai?" Nikasema rangi amechagua Kitinda. Akasema, "Ndiyo, ni yeye huyo," akaingia ndani kuwagombeza kuku waliokuwa wamepanda mezani. Ila mimi nina macho pia. Leo asubuhi nimemkuta uani anamfuta Kobe vumbi kwa ncha ya gauni lake, anarudi nyuma, anatazama, anasogea tena. Pale kwenye ethi palipokwaruzwa sijapapaka. Mkono unaniwasha, nakuambia kweli, lakini nimejizuia.

Ndizo habari zetu. Shemeji yako anakusalimu, anasema wateja wake sasa wote wamekuwa mafundi wa choki. Fundi Taratibu anakusalimu, salamu zake zitafika polepole. Mama mdogo yuko hapa kwa wiki hii, anasema umemsahau, nami nikamwambia umetusahau sote kwa haki bila upendeleo. Msalimu sana mkeo, na umshike binti yenu anapojifunza kusimama. Mungu akulinde na baridi ya huko, akutunzie mikono yako kazini, na njia yako ya kurudi asiizibe kwa rangi ya mtu yeyote.

Ni mimi dada yako, nikupendaye pamoja na uchaguzi wako wa rangi.

Nilikuwa nalamba bahasha Mama akaingia, akaninyang'anya karatasi. Ameisogeza dirishani, amefumba jicho la kushoto, amesoma mwanzo hadi mwisho, peke yake, kidole kikitambaa kwenye mistari. Amesema mwandiko wangu mbaya na kwamba yeye hakulia. Sasa anataka kalamu. Hayo ya chini ni mkono wake mwenyewe.

*Kitinda mwanangu. Rangi uliyochagua ni mbaya. Njoo uipake upya. Naiona vizuri. Mama.*